Dalili za kutia moyo katika huduma za PCEA: tuzitafute wilayani kabla ya kuhesabu majengo

Mzee_wa_Wilaya (mwanzisha uzi)

Wapendwa wanajukwaa, Bwana asifiwe.

Kila mjadala kuhusu makanisa ya zamani nchini Kenya huishia kwenye hukumu ileile: kwamba yamezeeka, kwamba vijana wameyakimbia, na kwamba yaliyobaki ni majengo ya mawe na kumbukumbu za wamishonari. Mimi ni mzee wa kanisa katika Presbyterian Church of East Africa, na nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu hali ninayoishuhudia haifanani na hukumu hiyo. Huduma zetu zinakua. Kinachonisumbua ni kwamba sisi wenyewe tunautafuta ukuaji huo mahali ambapo haupatikani, tukihesabu magari yaliyoegeshwa Jumapili na mabati yaliyopandishwa, ilhali unatokea palepale ulipotokea tangu mwanzo, yaani katika mikono ya waumini wa kawaida wanaokutana majumbani.

Kwa wasio Wapresbiteri, naomba nieleze kidogo. Kwetu sisi wilaya si ile ya serikali, bali ni kundi la kaya za jirani lililo chini ya mzee wa kanisa akisaidiwa na mashemasi. Wilaya kadhaa huunda kanisa la mahali, makanisa hayo huunda parishi, parishi huunda presbiteri, na presbiteri zote hukutana katika Mkutano Mkuu kila baada ya miaka 3. Mgeni akitazama mpangilio huu hudhani kwamba maamuzi yote hutoka juu kwenda chini. Aliyelelewa ndani yake anajua kwamba wilaya ikilala, hakuna waraka wa makao makuu unaoweza kuiamsha.

Historia yetu inathibitisha jambo hilo. Mishoni ya Waskoti ilianza Kibwezi mwaka 1891 chini ya Dkt. James Stewart, ikasumbuliwa mno na malaria hata ikabidi ihamishiwe nyanda za juu, Thogoto, mwaka 1898. Thomas Watson, aliyeongoza uhamisho huo, alifariki mwaka 1900. Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1907. Mtu aliyeandika ripoti ya mishoni ile mwaka 1900 angeandika nini chini ya kichwa cha ukuaji? Angeandika makaburi, na mjane aliyebaki. Lakini mjane huyo, Minnie Watson, alikuwa na shule, na katika shule za namna hiyo walitoka vijana waliokuwa walimu na wainjilisti katika vijiji ambavyo Mzungu hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Dkt. Archie Irvine alipofika Chogoria mwaka 1922 kuanzisha hospitali, wainjilisti Waafrika walikuwa wamemtangulia. Mwaka 1926 wachungaji wa kwanza Waafrika, akiwemo Musa Gitau, waliwekewa mikono. Ukuaji uliokuja kuonekana baadaye kwa macho ulikuwa umeshaota chini kwa miaka mingi, na walioubeba hawakuwa na cheo chochote.

Ndugu zangu, zingatieni mwaka 1956. Ndio mwaka ambao PCEA ilipata Mkutano Mkuu wake wa kwanza na kuwa kanisa linalojitawala. Katika miaka hiyohiyo Kanisa la Scotland, lililotuzaa, lilikuwa limefikia kilele chake cha waumini, zaidi ya milioni 1.3. Leo kanisa hilo lina waumini wasiofika 300,000. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Mwana hafurahii udhaifu wa mzazi wake. Nasema hivyo kwa sababu ripoti za Edinburgh, yaliko makao makuu ya kanisa hilo, za mwaka 1956 bila shaka zilijaa matumaini, na takwimu zake zilikuwa za kweli. Idadi peke yake haikuwaonyesha kilichokuwa kinakuja. Kwa hiyo tunapoandika ripoti zetu wenyewe, tujiulize ni dalili ipi ambayo haidanganyi.

Kwangu mimi ni hii: je, kazi ya kanisa inafanywa na watu wengi zaidi kuliko jana, na je, inawafikia watu ambao jana haikuwafikia?

Chukueni kipindi cha korona. Mwezi Machi 2020 makanisa yalifungwa. Yalipofunguliwa mwezi Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na hakuna kuingia mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu wa zaidi ya miaka 58. Fikirini maana yake kwa kanisa kama letu: bibi na babu wanaolishikilia wako nje, watoto watakaolirithi wako nje. Wengi tuliamini kwamba tukirudi tutakuta viti vitupu. Kilichotokea katika parishi yetu ni kwamba mashemasi, ambao kwa miaka mingi tuliwaona kama wakusanyaji wa sadaka tu, waligeuka kuwa wachungaji wa simu. Kila mmoja alikuwa na orodha ya kaya zake. Alijua nani amefutwa kazi, nani anaumwa, ni mtoto gani hana kitabu. Sadaka ilipitia M-Pesa, na kutoka katika sadaka hiyo unga ulinunuliwa na kupelekwa mlangoni. Masharti yalipolegezwa, watu hawakurudi kanisani tu, bali walitaka wilaya iendelee kuwa vile ilivyokuwa wakati wa shida.

Wilaya yetu sasa hukutana katika nyumba za kupanga za magorofani, ambapo sebule ni ndogo na viatu hulundikana nje ya mlango hadi kwenye ngazi. Viti vya plastiki huazimwa kwa jirani ambaye si Mpresbiteri, na mara nyingine jirani huyo hufuata viti vyake na kubaki hadi mwisho. Neno husomwa na mtu tofauti kila mara. Mkutano uliopita lilisomwa na fundi wa umeme ambaye alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu, na alieleza mfano wa mpanzi kwa utulivu ambao mimi sijaufikia. Kisha shemasi hufungua daftari lake, anasoma majina ya wasiokuwepo, na kwa kila jina lazima mtu mmoja aseme kwamba atampigia au atamtembelea kabla ya kikao kijacho. Baadaye thamosi ya chai huletwa. Kundi lilipokuwa kubwa kuliko sebule yoyote, liligawanywa, na nusu moja ikapewa mzee mpya. Hakuna aliyepiga picha siku hiyo, wala hakuna utepe uliokatwa. Mimi nahesabu tukio hilo kuwa muhimu kuliko uzinduzi wowote nilioualikwa.

Jambo la pili linalonitia moyo ni zile sehemu tunazoziita Nendeni, yaani maeneo ya umishonari wa ndani, kwa Wamaasai, Wasamburu, Waturkana na kwingineko. Zamani mtu wa Kiambu au Nyeri aliposikia umishonari alifikiria meli kutoka ng'ambo. Leo parishi ya mjini hubeba mzigo wa mwinjilisti aliye mbali, humlipia posho na pikipiki, na huwapeleka vijana wake wakaishi naye kwa siku kadhaa. Nilishuhudia ibada katika eneo la Presbiteri ya Olkejuado chini ya mti wa mgunga, ambapo mhubiri alikuwa mama wa Kimaasai akihubiri kwa Kimaa, na sisi wageni wa mjini ndio tuliotafsiriwa. Hapo nilifahamu kwamba kazi imeshika. Mradi wageni ndio wanaohubiri na wenyeji ndio wanaotafsiriwa, bado ni ziara.

Na hapa namkumbuka Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa kanisa letu. Mwaka 1971, akiwa Milwaukee nchini Marekani, aliyaomba makanisa ya Magharibi yasitishe kutuma wamishonari na fedha kwa muda usiopungua miaka 5, ili makanisa ya huku yapate nafasi ya kusimama. Aliitwa majina mengi kwa ajili ya kauli hiyo. Lakini ni kutokana na msimamo huo kwamba moyo wa Jitegemea uliingia katika damu ya PCEA, na leo mwinjilisti wa Nendeni anakula kwa sadaka ya muuza mboga wa Wangige. Naomba wachangiaji wenye uzoefu wa hospitali, vijana na akina mama waongeze wanayoyaona. Wenye mashaka nao wanakaribishwa kwa mikono miwili.

---

Mkazi_wa_Glasgow

Amina, mzee wetu. Ninaishi Scotland kwa miaka mingi sasa na ninashiriki katika kanisa ambalo wazee wake kadhaa ni Waafrika. Ulichokisema kuhusu 1956 ni kweli, nami naomba niongeze jambo kuhusu majengo.

Watu wa nyumbani wakija huku hushangaa kuona makanisa ya mawe yakiwa yamegeuzwa kuwa makazi, kumbi za michezo na hata baa, wakadhani kwamba yote hayo yalikuwa yamejaa na sasa yamekimbiwa. Mambo hayakuwa hivyo kabisa. Mwaka 1843 Kanisa la Scotland liligawanyika, na Kanisa Huru lililotoka humo likajenga mamia ya makanisa kwa miaka michache, mara nyingi mkabala na kanisa lililokuwepo, kila upande ukitaka kuonekana kwamba ndio ulio hai. Makundi makubwa yalipoungana tena mwaka 1929, miji ilibaki na majengo mengi kuliko waumini waliohitajika kuyajaza, na vizazi vilivyofuata vimetumia sadaka yao kuziba paa zinazovuja. Presbiteri za huku sasa zimelazimika kuamua ni jengo lipi libaki na lipi liuzwe, na vikao hivyo vina machozi.

Kwa hiyo ninapoona parishi nyumbani ikiweka harambee ya miaka mingi kujenga kanisa kubwa hatua chache kutoka kwa parishi nyingine, moyo wangu hushtuka. Kinachonitia nguvu huku ni kikundi kidogo cha maombi kinachokutana katikati ya wiki, ambacho Wakenya, Wamalawi na Waskoti wazee wanakisimamia kwa pamoja. Wamalawi wanatoka katika Church of Central Africa Presbyterian, kanisa lililotokana na mishoni zilezile za Scotland, na wametufundisha kuimba bila kinanda.

---

Muuguzi_Mstaafu

Mzee wa Wilaya, nakusalimu kwa heshima. Nilisomea uuguzi Tumutumu na nimefanya kazi katika hospitali za kanisa hadi nilipostaafu, hivyo nitazungumzia upande huo.

Kanisa letu lina hospitali 3 kubwa: Kikuyu, Tumutumu na Chogoria. Watu huzisifu kwa vifaa, na ni kweli kwamba vifaa vimeongezeka. Kitengo cha macho cha Kikuyu, kilichoanza mwaka 1975, kimewarudishia nuru wagonjwa waliotoka kila pembe ya nchi. Hata hivyo, mimi ninapoulizwa huduma ya afya ilikua lini, huwataja wahudumu wa vijijini wa Chogoria katika miaka ya 1980. Hospitali ilifungua zahanati katika vijiji vya Meru Kusini na kuwafunza wanakijiji wenyewe, wengi wao akina mama, wazunguke nyumba kwa nyumba wakizungumzia chanjo, maji safi na uzazi wa mpango. Matokeo yake ni kwamba matumizi ya uzazi wa mpango katika eneo hilo yalipita kwa mbali wastani wa taifa, na watafiti kutoka nje walikuja kuuliza limewezekanaje. Limewezekana kwa sababu mama aliyebisha hodi alikuwa jirani, na mara nyingi mlikuwa mkikaa benchi moja kanisani.

Dalili ya leo ninayoiona ni mafunzo. Madaktari wanaosomea udaktari wa familia kupitia Chuo Kikuu cha Kabarak hufanya mazoezi yao Chogoria, na vyuo vya uuguzi vinaendelea kutoa wahitimu ambao nusu ya kaunti za nchi hii huwagombania. Daktari wa familia ni mtu anayejifunza kutibu mgonjwa mahali alipo, pasipo na wataalamu kumi wa kumsaidia, na nchi hii inamhitaji kuliko inavyohitaji jengo jingine la kioo.

Sitaficha ugumu. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya hospitali, mwezi Oktoba 2024, hospitali za makanisa kote nchini zimelalamika kwamba madai yao hayalipwi kwa wakati, huku dawa na mishahara vikihitaji fedha leo. Ukuaji wa huduma hii utategemea pia waumini kukubali kwamba hospitali ni yao, wala si ya serikali wala ya wafadhili wa Ulaya. Ile Jitegemea uliyoitaja haijafika vizuri wodini.

---

Binti_Juja

Wazee wangu, ninawasalimu nyote. Nimesoma uzi huu kwa makini, na kwa kuwa mzee amewakaribisha wenye mashaka, nitazungumza kwa uwazi lakini kwa heshima.

Mimi nililelewa katika Shule ya Jumapili, nikapita Brigedi, yaani kikosi cha watoto na vijana wa kanisa, nikasoma darasa la ukatekumeni na kuthibitishwa. Katika parishi yetu ya kijijini nilikuwa na kazi: nilifundisha watoto, niliimba, nilisoma Neno. Nilipokuja chuoni Juja, kwa muhula mzima hakuna mtu wa PCEA aliyejua kwamba nipo. Kanisa la Kipentekoste lililo karibu na hosteli lilinijua kwa jina katika wiki ya kwanza. Sikuhama kwa sababu ya gitaa wala taa za rangi, kama watu wazima wanavyopenda kusema juu yetu. Nilienda mahali palipokuwa na mtu aliyeniuliza nimekula.

Nilirudi PCEA baadaye kwa sababu rafiki alinipeleka katika wilaya ya watu wanaofanya kazi na kusoma eneo hilo, na huko nilipewa tena kazi. Kwa hiyo ninakubaliana na hoja yako, mzee, kwamba wilaya ndiyo mahali pa kukua. Lakini cheti cha kuhamisha uanachama kinangojwa mpaka mtu akiombe. Nani mwenye umri wa miaka 19 anayekumbuka kuomba cheti? Kati yetu tuliothibitishwa pamoja, waliobaki kanisani leo wangetosha katika gari moja dogo, na sidhani kama kuna ripoti inayowahesabu wengine kuwa wamepotea. Bado majina yao yako kwenye daftari la parishi ya kijijini.

Jambo la pili ni michango. Jitegemea ni neno zuri, lakini kijana asiye na ajira akikaa ibada moja na kutangaziwa michango minne, huona aibu na safari ijayo habaki hadi mwisho. Nilifurahi sana mwaka 2021 kanisa letu, pamoja na Waanglikana na Wakatoliki, lilipotangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia katika ibada. Sasa naomba tumalizie kazi hiyo kwa kujenga kidogo kidogo kwa uwezo wetu, ili tusitamani bahasha zao tena.

---

Mwanajumuiya_Moshi

Shikamoo Mzee wa Wilaya, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Mlutheri wa KKKT hapa Moshi, na jirani zangu kadhaa ni waumini wa PCEA, kwa kuwa kanisa hilo lina parishi zake Tanzania na Uganda pia.

Huku kwetu, kwa Walutheri na Wakatoliki, kile mnachokiita wilaya kinakaribiana na jumuiya. Jumuiya yetu hukutana alfajiri kabla watu hawajaenda makazini, na nimeona jambo hilohilo analolieleza mzee: familia iliyo hai katika jumuiya haipotei usharikani, na familia inayoonekana Jumapili peke yake hupotea bila mtu kujua. Swali langu ni hili. Jumuiya zetu zimekuwa na tatizo la kuwa za akina mama tu, wanaume wakiwakilishwa na mchango. Ninyi mmelishughulikiaje?

---

Mama_Guild_Nyeri

Mwanangu wa Moshi, marahaba kwa niaba ya wazee, nami nitalijibu hilo kwa kuwa nimelishuhudia kwa muda mrefu.

Hata kwetu akina mama ndio uti wa mgongo. Umoja wetu, Woman's Guild, una utaratibu ambao idara nyingine zimechelewa kuuiga: hakuna mama anayevishwa kitambaa kabla ya kupitia mafunzo, na akishavishwa anajua amefungwa kwa kazi ya kutembelea wagonjwa, kufariji wafiwa na kusimama na wajane. Mashaka yalikuwepo tulipotaka nafasi za uongozi. Mwaka 1982 Nyambura Njoroge aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa kwanza mwanamke katika PCEA, na wapo waliosema kwamba waumini wangekataa kupokea Meza ya Bwana kutoka mkononi mwake. Leo wajukuu zangu hawajui kwamba jambo hilo liliwahi kujadiliwa. Wanamwona mchungaji mwanamke kama wanavyomwona daktari mwanamke.

Kuhusu wanaume, kilichosaidia kwetu ni umoja wao, tunaouita PCMF, kuacha kukaa peke yake na kupewa kazi ndani ya wilaya. Wanaume walipewa kazi ya kufuatilia vijana wa kiume waliomaliza shule na kukaa tu kwenye vituo vya bodaboda na vilevi. Mwanamume akiitwa tu kusali huja akitazama saa, lakini akikabidhiwa kijana mmoja kwa jina, ambaye atamtafutia nafasi katika chuo cha ufundi na kumpigia simu kila wiki, huja hata mvua ikinyesha. Wapo waliofaulu na wapo vijana waliorudi kwenye kinywaji. Lakini mzee wangu mwenyewe, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu aliniachia mambo ya wilaya, siku hizi ndiye anayeniuliza kikao ni kwa nani.

Binti wa Juja, nimesoma maneno yako mara mbili na nimeumia. Hatukuwapa wenzetu wa mjini majina yenu. Sisi akina mama tuliwasindikiza hadi kituo cha matatu na maandazi na blanketi, tukaombea safari, na tukaishia hapo.

---

Mzee_wa_Wilaya (mwanzisha uzi)

Nawashukuru nyote, hasa binti yetu wa Juja, ambaye amegusa sehemu ambayo mimi niliipita haraka.

Nakubaliana naye kwamba daftari la parishi linaweza kudanganya sawasawa na jengo kubwa. Wapresbiteri tumerithi kutoka Scotland desturi ya mzee kuzuru kaya zake kabla ya Ushirika Mtakatifu akiwa na kadi ya kila muumini. Katika parishi nyingi ziara hiyo imepungua, na kadi hugawiwa mlangoni Jumapili asubuhi, jambo ambalo ni jepesi kwetu lakini limetunyima nafasi ya kugundua kwamba mtoto wa nyumba fulani hayupo tena. Kama kadi ya kijana imerudi bila kuchukuliwa mara mbili, hapo ndipo simu inapaswa kupigwa, bila kungoja cheti.

Pendekezo langu ni kwamba mzee wa wilaya ya kijijini ampigie simu mzee wa wilaya ya karibu na chuo wiki ileile ambayo barua ya kujiunga imefika. Jambo hili halihitaji azimio la Mkutano Mkuu wala kamati. Linahitaji tujuane, na pengine uzi huu unaweza kuwa mwanzo. Na katika ripoti ya mwaka ya wilaya yangu nitaongeza safu tatu ambazo hazijawahi kuwepo: vijana waliohama na wamepokewa wapi, watu walioshika kazi kwa mara ya kwanza, na kaya mpya zilizoingia bila kutoka PCEA nyingine. Safu hiyo ya mwisho itatuonyesha kama tunakua au tunahamishana tu.

Kuhusu michango, nitalipeleka katika baraza la wazee. Muuguzi, hoja yako ya hospitali nayo nitaipeleka, kwa sababu sioni sababu ya kila parishi kuwa na mfuko wa ujenzi na kutokuwa na mfuko wa kuwalipia wagonjwa wasiojiweza. Ndugu wa Glasgow, naomba ruhusa ya kuwasomea wazee wenzangu maneno yako kuhusu 1843 tutakapojadili ramani ya kanisa jipya.

---

Karani_wa_Parishi_Nakuru

Mzee, wazo la simu limenifikia. Wilaya mbili za parishi yetu ziko kwenye barabara ya kwenda Njoro, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, na wazee wake nimeshawaambia. Wenye vijana wanaoripoti huko muhula ujao wanitumie majina kwa ujumbe wa faragha, na tafadhali mwombeni kijana mwenyewe ruhusa kabla ya kutuma namba yake. Andikeni pia alikuwa akifanya kazi gani nyumbani, kama ni kwaya, Shule ya Jumapili au Brigedi, kwa sababu tunahitaji walimu wa watoto kuanzia Jumapili ya kwanza.

---

Binti_Juja

Karani, nimekutumia jina la mdogo wangu. Amekubali. Anapiga ngoma za Brigedi na anaripoti mwezi wa tisa. Kwa upande wa Juja, walio na vijana wanaokuja chuo kikuu cha huku, JKUAT, nami niko tayari kuwapokea na kuwapeleka wilayani.